Siku Kinga Iliponitoroka

Mjukuu wangu Furaha,

Bwana akulinde huko Kakoba. Huku Juru tuko wazima. Maharage yametoa maua, na shangazi yako amejifungua binti.

Unasema mwalimu amekataa jibu lako la mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Uliulizwa juu ya baiskeli, ukajibu kwamba ni nzuri kwa afya, maneno ya kila mtu. Afya gani? Nimecheka mingi.

Sikia. Mwaka tulipofika huku ukimbizini, nilikuwa nasukuma kinga ya babu yako, baiskeli yake ile, imebeba gunia la maharage. Penye mteremko ikaniponyoka, ikapotelea katika migomba ya mzee mmoja Mnyankole, mwenyeji wa huku. Nikamkimbilia: "Mzee, umeona kinga yangu?"

"Kinga ni nini? Ng'ombe?"

Kumbe wao baiskeli wanaiita gaali. Neno hilo sikuwa nalo. Basi nikazungusha mikono, nikalia kama kengele, nikakimbia vile yenyewe ilikimbia. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kuivuta kutoka migombani.

Neno lilinikosa, lakini habari ilikuwa yangu.

Nawe unayo yako. Siku ile kinga iliponitoroka ulikuwa mgongoni mwangu, na hukulia. Mwalimu akikuuliza tena juu ya baiskeli, mwambie hiyo.

Ni mimi, Koko wako.