Jina Chini ya Jiwe la Jaji

Dada yangu,

Ucheke ukitaka, lakini nimefunga mlango kwa komeo ndipo nikuandikie. Leo kaburi la jaji, mle katika jumba la mashujaa, limefunguliwa likarabatiwe. Unakumbuka kaka yetu alianguka akafa akiezeka paa la jumba hilo, wakubwa wakakataa kumwandika popote? Nilipochonga jiwe la jaji, nililiandika jina la kaka upande wa chini, kwa siri.

Vibarua walipoligeuza jiwe, msimamizi wao akasoma, akanitazama. Nikajua kazi sina tena.

"Herufi hizi nzuri kuliko za jaji," akasema. "Nani wako?"

"Kaka yangu."

Akawageukia vibarua. "Lirudisheni polepole. Msimkwaruze."

Njoo Jumapili na maua, dada. Ukiulizwa, sema unamlilia jaji.

Mdogo wako mwoga,
Fundi