Mabua ya Baba Editha

Alhamisi, mwisho wa Oktoba. Hapa Iringa mjini upepo unapiga tangu asubuhi, na vumbi la Isimani bado liko kwenye nywele zangu. Nimeoga mara mbili. Moyo ni mzito, na sitaki kujidanganya kwamba ni uchovu.

Leo nilikwenda kuchukua udongo kwa mara ya mwisho kwenye shamba la Baba Editha, mkulima aliyekubali utafiti wetu misimu miwili iliyopita. Jaribio lenyewe si gumu. Ukishavuna mahindi, mabua usiyaondoe wala usiyachome. Yaache yafunike ardhi, jua lisiikaushe, yaoze yawe mbolea. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilikaa kwenye kigoda chake nikaongea kama mtu aliyezaliwa kule.

Nimezaliwa Igowole. Kwetu mvua ni za kumwaga, na majani ya ng'ombe unakata nyuma ya nyumba. Sikujua kwamba Isimani, shamba likishavunwa si la mtu mmoja tena. Mifugo ya ndugu na majirani huingia kula mabua, na hayo ndiyo yanayoifikisha mpaka mvua zianze. Hakuna anayeomba ruhusa, kwa sababu hakuna anayekataza.

Baba Editha alikataza. Alizungushia shamba miiba kwa sababu nilimwambia.

Mdogo wake, Baba Tuli, amepakana naye, na alikuwa na maksai wawili waliolima mashamba yote mawili miaka yote. Mwaka jana, mvua zikikaribia, mmoja alilala asiinuke tena. Ni njaa tu. Tangu siku hiyo ndugu hawa hawasemezani. Kanisani mmoja anakaa mbele, mwingine nyuma kabisa.

Na mimi nimelijua hilo tangu Januari. Niliandika "mgogoro wa kifamilia" kwenye daftari langu, nikaendelea na kazi.

Leo nimechimba, na udongo umependeza. Umekuwa mweusi, una matundu ya minyoo, na ukishuka kiganja kimoja unakuta unyevu, Oktoba hii. Siku nyingine ningerukaruka. Lakini miiba haipo. Baba Editha aliiondoa mwaka huu mara tu baada ya kuvuna, na mabua yamejaa vilevile. Ng'ombe wa majirani wakija anawarudisha.

"Namwekea mdogo wangu," aliniambia. "Ila ng'ombe haleti. Hebu nenda wewe, bibi shamba. Wewe atakusikiliza."

Nikaenda. Baba Tuli alinipokea vizuri. "Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe, akanivutia kiti, akanipa togwa. Nikasema yote: kosa ni langu, sikuuliza mila za hapa, kaka yako alinifuata mimi tu. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Wewe dada ni mgeni, huna kosa," alisema taratibu. "Ungejuaje? Aliyekuwa anajua ni yeye."

Nilikunywa togwa yangu ikaisha, nikaaga.

Nilikwenda kujitwisha kosa lote, nimerudi nimemwachia kaka yake lote.

Baba Editha alikuwa amesimama barabarani ananisubiri, kofia mkononi. Mtu mzima, wajukuu saba, ananitazama usoni kama anayesubiri majibu ya hospitali.

"Kasemaje?"

Nikamwambia sikumkuta.

Alinishukuru kwa kuhangaika. Akasema basi ataendelea kufukuza ng'ombe wa watu, mdogo wake asije akakuta mabua yameisha.

Vifuko vya udongo viko hapa mezani. Nimeshaandika lebo zote, kazi imekwisha, bosi atafurahi. Mimi nimelia.

Asubuhi nitampigia simu nimwambie ukweli. Maneno nimeyapanga tangu njiani. Kila nikifika kwenye "amesema wewe ulikuwa unajua," narudi mwanzo.