Nani Anamunyonyesha Mutoto Wangu?

Kasongo, nyuma ya soko

Mama yangu mupenzi uliye Kabambare,

Salamu zangu zikukute umeamka vizuri. Mugongo unaendeleaje? Baba amerudi kulima, ama muguu bado unamuuma? Huku baba ya mutoto iko salama, kazi ya pamba tu ndiyo inamuchosha. Mujukuu wako amenenepa mpaka shingo haionekani, na kunenepa kwake ndiko kumenifanya nikuandikie. Barua hii nimeiandika kwa mukono wangu, sikumupa karani. Kaka Yosefu akusomee ndani ya nyumba, si uani. Siku hizi simuamini mutu.

Mama, unajua tangu munganga muzungu wa huku anikate ziwa la kushoto, kwa ule ugonjwa alioita kansere, nimebaki na moja. Nilipozaa nikauliza lopitalini kama mutoto anyonye. Wakasema anyonye, hili la kuume ni zima. Wanawake wa mutaa hawakukubali. Nikipita wananong'ona, wakimushika mutoto wanamutazama kama chakula kilicholala.

Basi mwezi huu ziwa likafanya uvimbe. Mugumu, Mama, palepale ninapofungia kitenge. Nikasema limerudi. Nikakaa kitandani nikalia, nikiwaza nani atamulea huyu mutoto. Mume wangu sikumuambia. Nikaenda kwa anfirmiye, muuguzi wa lopitali, yule mufupi wa Lusangi, mutu wa maneno makali. Akabonyeza, akabonyeza tena, maziwa yakamurukia kwenye miwani.

“Hii si kansere,” akasema akijifuta. “Ni maziwa yamelala humu ndani. Mutoto wako hanyonyi.”

“Ananyonya!”

“Basi ananyonya kwa nani?”

Loo! Nilirudi nyumbani nikikaribia kukimbia. Maana ni kweli, Mama: kila nikitoka shamba la mupunga namukuta mutoto kwa mama mukwe, ninakomuacha, ameshiba, ananichekea, ziwa halitaki. Nilijidanganya kwamba ana tabia nzuri. Siku ile nikamunusa mudomo. Haukuwa uji. Yalikuwa maziwa.

Nikamushuku Mama Zaina, jirani yetu muislamu, kwa sababu naye ananyonyesha. Nikamuendea na maneno ambayo naona haya kuyaandika. Akaweka muchi chini, akacheka.

“Veronika, una wazimu? Kwetu maziwa ni undugu. Ningemunyonyesha mutoto wako angekuwa ndugu wa Zaina mbele ya Mungu, wasingeoana hata wapendane namna gani. Jambo kama hilo mutu analifanya muchana, watu wakiona. Wallahi, tafuta nyumbani kwako. Kikulacho ki nguoni mwako.”

Nikatafuta. Kesho yake nikabeba jembe kama naenda shamba, nikazunguka nyuma ya jiko, nikachungulia. Mama, ni mama mukwe! Mwanamuke mwenye mvi kichwa kizima, amekaa kwenye mukeka, mutoto iko kwenye ziwa lake, na maziwa yanatoka! Kando yake kuna chungu cha ile dawa ya mizizi wanayopewa mabibi wazee ili maziwa yarudi, mama wa mutoto akiwa amekufa.

Wala hakushituka. “Usinitolee macho,” akasema. “Sikuyawaza mimi. Mama yako alinitumia maneno kwa mujomba wako alipokuja kuuza chumvi, na dawa aliileta yeye. Alisema mutoto azoee ziwa lingine mapema.”

Mapema! Mapema kabla ya nini, Mama?

Nimemuchukua mutoto wangu, naenda naye shamba mugongoni. Siku ya kwanza alikataa kunyonya, akawa anageuza kichwa kumutafuta bibi yake. Alilia mpaka sauti ikamukauka, na mimi nililia. Jioni njaa ikamushinda, akashika. Sasa uvimbe umekwisha na maziwa yananilowesha nguo.

Niambie, na usinifiche. Ulidhani maziwa yangu ni sumu? Hilo ningekusamehe, hata watu wa shule wanaamini hivyo. Ama umekwisha kunizika, ukaanza kumutafutia mutoto mama mwingine nikiwa bado natembea? Tulipoagana pale ulipopanda kamioni kurudi Kabambare, ulinikumbatia ukalia sana. Nilifikiri unalia kwa sababu ya safari. Ulikuwa unalia matanga yangu? Ile dawa haipikwi mama akiwa muzima, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Kama unaogopa, panda kamioni, uje ushike ziwa langu kwa mukono wako. Usimutume mutu tena.

Musalimie baba. Musalimie dada mukubwa Anastazia na watoto wake. Mujomba muuza chumvi naye mumusalimie, mumuambie amejua kubeba siri kuliko chumvi. Mama mukwe hakutumi salamu. Ziwa lake limevimba sasa, linamuuma, na kila asubuhi namukanda kwa maji ya moto. Hatusemezani, lakini namukanda.

Ni mimi binti yako Veronika, niko hai.