Begi la Mtu Mmoja

Jumatano, 1 Novemba

Wateja wachache. Ndevu tupu, hakuna kichwa. Nimefunga saluni mapema nikaenda mkutano wa mtaa. Ishu ni mvua. Wanasema vuli hii haitakuja kwa utani. Kuna dada wa mambo ya maafa kaja na begi mgongoni, kalifungua mbele yetu kama mtu wa mazingaombwe. Tochi. Redio ya betri. Vidonge vya kutibu maji. Nguo za kubadilisha. Vyeti ndani ya nailoni. Na kanga, maana kanga ni taulo, ni shuka, ni bendeji, ni kamba. Akasema kila mtu awe na begi lake, likae tayari. Maji yakija unashika begi unapanda shuleni kule juu.

Watu walicheka. Mie sikucheka. Nyumba yangu iko bondeni. Kiwanja nilinunua mwenyewe, kiangazi. Mto ulikuwa umesafiri.

Naogopa maji. Acha niandike hivyo hivyo. Mtu mzima na mvi zangu, naogopa.

Alhamisi, 2 Novemba

Nimemgusia Mama Shani habari ya begi. Kaacha kuchambua mchele kaniangalia.

"Baba Shani, usituchurie."

Mke wangu kwao Newala. Kwao ukinunua sanda mapema umeshamwita maiti. Ukifungasha begi la mafuriko umeyapigia mafuriko simu. Mwanamke huyu hata mwavuli hanunui mpaka alowe. Nimeamua kufanya kimya kimya.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimepita soko la Rangi Tatu kununua vitu. Begi la mtumba, zipu nzima. Redio ndogo. Vidonge vya kutibu maji. Tochi. Karanga na biskuti. Boksa mpya mbili, maana nikija kuokolewa watu watapiga picha. Marashi, maana kule shuleni tutalala wengi na hewa itakuwa nzito. Kanga nimechukua ya juu kabisa kwenye lundo, nyekundu. Maandishi sikusoma. Mie nilikuwa nanunua bendeji.

Vyote nimevificha saluni chini ya kiti.

Jumapili, 5 Novemba

Mama Shani kaenda kwenye shughuli ya jirani. Nimevileta vitu toka saluni, nimefungasha. Zipu ikagoma. Nimetoa vitu kadhaa, ikafunga. Begi nimelisukuma nyuma ya kabati.

Nimejisikia mwanaume. Mtaa mzima umelala, mie peke yangu niko tayari.

Jumatano, 8 Novemba

Kimvua jioni. Nimeenda nyuma ya kabati kuhakikisha begi lipo. Nikala pakiti moja ya biskuti. Hofu inaletaga njaa. Na karanga kidogo.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimetoka msikitini nimekuta kuku wa nazi. Ijumaa sie tunakulaga dagaa. Na sahani ni zile za wageni, zenye maua, ambazo hata kaka yangu alipotoka Masasi hakutolewa. Mama Shani kaninawisha mikono mwenyewe.

Nimeingia chumbani nimekuta nguo zangu zote zimepigwa pasi, zimepangwa kitandani. Zote. Hata kaptura yangu ya kupakia rangi ukuta.

Sijui nimefanya jema gani. Nimeshukuru.

Jumamosi, 11 Novemba

Tena. Leo chapati na maini. "Karibu chakula, Baba Shani. Chumvi imekutosha?" Sauti nyororo, ya kumkaribishia mgeni. Nimemwambia imenitosha. Kasema, "Ndio vizuri, usije ukasema kwangu ulikula vibaya."

Nadhani mapenzi yamerudi. Tuna miaka mingi, mambo haya huja kwa msimu. Nikaenda nyuma ya kabati nikachukua marashi nikajipulizia shingoni, nikaenda kukaa naye kwenye mkeka. Kanusa. Kainuka kaenda kwa jirani.

Begi lilikuwa limegeuka, zipu inatazama ukuta. Sikutilia maanani.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimejua kila kitu leo na nimejulia kwenye kiti changu mwenyewe. Chande wa bodaboda kaja kunyoa. Mashine iko kisogoni kwake, ananiuliza:

"Braza, nasikia unahama. Bi mdogo anakaa wapi? Wanasema Mbweni."

"Bi mdogo yupi?"

"Acha hizo bwana. Mkeo alikuwa anafukuza panya wa karanga, akasogeza kabati, akakuta begi lako la safari. Mtaa mzima unajua. Mie nilitaka tu kazi ya kukupeleka."

Mkono ukateleza. Nimemtia upara mahali ambapo hakuuagiza. Hakulalamika, kanionea huruma.

Mwanamke wa Mbweni, kwa wenye pesa! Na saluni yangu ya kiti kimoja!

Nimekimbia nyumbani kueleza. Mama Shani alikuwa amelitoa begi, ameliweka katikati ya chumba. Nikamwambia ni la mafuriko, wallahi.

"Mtu anakimbia maji na marashi?"

Nikaeleza habari ya hewa kuwa nzito.

"Na boksa? Tangu tuoane boksa zako nanunua mie. Hata saizi yako ulikuwa huijui. Leo umeijulia wapi?"

Nikaeleza habari ya picha. Hata mie nilijisikia navyoongea.

Akaikunjua ile kanga. Akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili: NIMEYAACHA YOTE KWA AJILI YAKO.

Nikasema sikusoma. Nilichukua ya juu. Akacheka, cheko lisilo na meno. "Umenunua kanga bila kusoma jina? Baba Shani, uongo nao una heshima yake. Tafuta mwingine."

Na kweli, nikilifikiria, nani ataamini? Watu husoma jina la kanga kabla ya kuuliza rangi. Watu wamegombana miaka kwa jina la kanga.

Jumatano, 15 Novemba

Mama Shani kamwita mjomba wake. Kikao ni kesho kutwa, baada ya swala ya Ijumaa. Kasema kikao kikishaisha, Jumapili anapanda basi la Newala. Harudi.

Kwetu kusini mjomba ndiye mwenye mpwa. Baba mzazi analetewa pilau tu. Mjomba akisema nenda nyumbani, ndoa imeisha hata kama talaka haijaandikwa.

Chakula cha kuniaga bado kizuri. Sikimezi.

Ijumaa, 17 Novemba

Kikao.

Mjomba mtu wa vinyago, anachonga mpingo toka ujana, vidole vimekuwa vyeusi kama mti wenyewe. Kaja na Bi Somoe, kungwi aliyemfunda Mama Shani zamani hizo. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia kwa tabu. Mama Shani kakaa pembeni, kanga imefika machoni.

Mjomba kaagiza begi liletwe. Vitu vikatolewa kimoja kimoja, kila kimoja nikakitolea maelezo. Nimewasha tochi mchana kweupe. Nimewasha redio, ikatoa matangazo ya vifo, nikaizima. Boksa kazishika Bi Somoe kwa ncha za vidole, kaziangalia, kaniangalia, kazirudisha. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Kilichoniokoa ni vile vidonge. Mjomba kavigeuza geuza kama anatafuta ufa kwenye gogo.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya kutibu maji, mjomba. Ya mafuriko. Ili usiharishe."

Kafikiri. Kisha kamgeukia Bi Somoe.

"Dada, mie nimeishi mjini muda mrefu. Hakuna hawara anayepelekewa dawa ya kutibu maji."

Bi Somoe kacheka. Mjomba kacheka. Mie nimecheka kuliko wote. Mjomba kasema mkwe wao si mhuni, ni mwoga tu, na uoga hauvunji ndoa. Kaomba chai. Nilitaka kumbusu.

Bi Somoe bado mkono wake ulikuwa ndani ya begi, mpaka kwenye kiwiko. Anapapasa. Anapapasa.

"Nguo ya mwenzio iko wapi?"

Nikasema sijaelewa, Bi Somoe. Nilikuwa nimeelewa.

"Naona suruali ya kiume. Shati la kiume. Kandambili za kiume. Mashine ya kunyolea ndevu. Mie namtafuta Mama Shani humu ndani simwoni."

Nikasema yule dada wa maafa alituambia kila mtu awe na begi lake.

"Na mkeo ulimwambia atafute lake?"

"Alisema nachuria."

"Kwa hiyo ukaamua azame na imani yake."

Mjomba kaweka kikombe chini. Nikaitazama kanga, labda niseme ilikuwa ya Mama Shani. Mdomo ukafunguka kabisa. Bi Somoe alikuwa ananisubiri niseme hivyo. Nikaufunga.

Ndipo Mama Shani kaongea, mara ya kwanza tangu kikao kianze. Hakupandisha sauti.

"Angekuwa mwanamke ningesema nimezidiwa na mtu. Nimezidiwa na redio."

Kaingia chumbani.

Mjomba kavaa kofia. Kasema kesi ya bi mdogo walikuja na hukumu yake toka nyumbani. Hii hawakuja nayo. Wakaondoka. Chai ikabaki.

Nilipoachiwa nilikuwa na hatia zaidi kuliko nilipokamatwa.

Jumamosi, 18 Novemba

Acha niandike nililoliruka. Jumapili ile niliandika "vitu kadhaa". Havikuwa kadhaa. Kilikuwa kimoja. Dera la Mama Shani. Nililichukua kwenye kamba mwenyewe, nikalikunja, nikaliweka juu. Zipu ikagoma. Nikaangalia mashine ya kunyolea, nikaangalia dera. Nikatoa dera. Nikalirudisha kwenye kamba nikabana na vibanio vilevile. Halafu nikajisikia mwanaume.

Sikumsahau. Ningemsahau ingekuwa nafuu. Nilimkumbuka nikamtoa.

Mchana nimemfuata uani, anatwanga kisamvu. Kesho ndio basi la Newala. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana kukaa nisingeruhusiwa.

"Dera gani?"

"La zambarau."

Katwanga. "Lile limeshanibana. Hata ungelibeba nisingelivaa."

Nikataka kushukuru. Katwanga tena.

"Lakini ungelibeba."

"Ndio."

"Ukaweka mashine. Ya kumnyoa nani? Wote tushazama, nani anataka kunyolewa?"

Yule dada wa maafa sikumtaja tena, simtaji tena maisha yangu. Nikasema nimekosa, si kwa maji, kwako. Machozi yakanitoka mbele ya kinu. Mama Shani kaniambia niache, kitunguu bado hajakata.

Hakusema kama anasafiri. Sikuthubutu kuuliza.

Jumapili, 19 Novemba

Mabasi ya kusini hutoka alfajiri. Niliamka nikasikia anafagia uwanja. Nikabaki kitandani nasikiliza ufagio. Sijawahi kusikia sauti nzuri hivyo.

Baadaye nimemsikia kwenye simu na mjomba wake. "Nitakuja. Sijasema lini."

Kaja chumbani, kalichukua begi, kamwaga kila kitu kitandani. Mashine kanikabidhi mkononi: "Kaa nayo mwenyewe." Nikamuuliza kwa woga, si alisema ni uchuro? Kasema uchuro ni kufungasha kwa kujificha. Mambo ya wazi hayachurii. Nadhani kaitunga pale pale, lakini sikubisha.

Kanitoa nje. Kafunga mlango. Nilisikia anaingiza, anatoa, anaingiza. Zipu ilifunga mara moja tu, bila kugoma.

Jumapili, 26 Novemba

Begi liko mlangoni juu ya stuli, kila anayeingia analiona. Majirani wameacha kuuliza habari za Mbweni. Wawili wamekuja kumuuliza Mama Shani na wao waweke nini. Anawafundisha. Mie nikipita ananyamaza.

Sijui ameweka nini. Nimelinyanyua mara moja nikijifanya nafuta vumbi. Zito. Chini pana kitu laini. Inaweza ikawa suruali yangu. Inaweza ikawa shuka. Zipu ningeweza kuivuta, hakuna anayelinda. Nimeshindwa. Juzi nikamuuliza kwa kuzunguka, kama vitu vya wote vimeenea. Kasema, "Maji yakija utajua."

Tunaongea sasa, ya kawaida. Mkaa, umeme, mguu wake unaomuuma. Sahani zenye maua zimerudi kabatini, tunakula dagaa kwenye zile za bati, na mie nakula mpaka nasafisha kwa kidole.

Leo jioni rasharasha. Tumekaa barazani wawili, yeye kanyoosha mguu, mie namkanda. Kule chini mto uliguna kidogo, kisha ukatulia. Mvua ikakata.

Miaka yote naombaga ikate. Leo ilipokata nilisikitika. Nilitaka inyeshe kidogo tu zaidi, maji yafike hata ngazi ya kwanza, yeye abebe begi mie nimshike mkono, tupande shuleni, afungue, nijue kama nimo.

Mungu anisamehe. Majirani wana watoto wadogo.