Ulipopiga Hodi Alunguli Nikanyamaza

Papa Neema, mume wangu,

Makala yako imekubaliwa, lakini nusu. Habari ameileta Sefu, mwenzako wa pale chuoni. Aliketi kwenye kiti chako bila kuuliza, akanisomea ujumbe wa jarida simuni, akiugeuza kutoka Kifaransa. Wahakiki wawili wamesoma utafiti wako juu ya namna watu wa mji wetu wa Kindu walivyosemezana wakati wa vita na baada yake. Mmoja ameupenda. Wa pili ana swali: mwandishi amejuaje kwamba yule mwanamke wa Alunguli alinyamaza kwa woga?

"Wanaitwa nani hao?" nikauliza.

"Majina hayatajwi. Njo vile wanafanyaka, ndiyo desturi yao."

"Mutu anauliza mambo ya moyo wangu, na jina lake anaficha?"

Sefu akacheka. "Mama Neema, si weye unaulizwa. Ni mwandishi."

Lakini mwandishi hayuko tena, na yule mwanamke njo miye.

Unakumbuka siku ile? Vita ilikuwa imekwisha zamani. Ulikuwa mwanafunzi, umevuka mto kuja kwetu Alunguli na karatasi zako, unapita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanapashana habari vipi. Ukapiga hodi kwetu. Ukapiga tena. Sombe ilikuwa inachemka, harufu ya majani ya muhogo imekufikia mpaka nje. Ulijua kuna watu. Nilikuwa nyuma ya mlango, kitana mkononi, na sikujibu. Kesho yake ukarudi.

"Jana mulikuwa humu?"

"Tulikuwa."

"Na hodi yangu mulisikia?"

"Tulisikia."

Ukacheka, nami nikacheka. Mama akapaza sauti toka jikoni: "Huyu mukubwa wa maswali aingie basi, atuchekeshe ndani!"

Tulipokwisha kuoana ndipo nilipokueleza juu ya miaka ile ya vita. Nilikuwa mdogo. Mama alitukataza kuitikia hodi, hata iwe sauti ya jirani. Anayetufahamu atakohoa kwanza, halafu ataita jina la mama. Baba mdogo ndiye aliyesahau. Alisema "karibu" mara moja tu, kama mtu yeyote mwenye adabu, na tangu pale hatujamwona. Ulinisikiliza ukiwa umenishika mkono. Halafu ukaandika.

Uliponisomea, nilikuwa ninamnyonyesha Neema, macho yanajifunga yenyewe. Ukasoma: Mwanamke A, mkazi wa Alunguli, hakuitika kwa sababu ya woga uliobaki wa vita.

"Mwanamke A ni nani?"

"Njo weye."

"Mbona unanipa herufi, na jina ninalo?"

Ukasema jarida linataka hivyo, kunilinda. Nikasema sawa. Sawa ile ilikuwa ya kukubali ama ya usingizi, mpaka leo sijui.

Maana siku ile ya hodi yako nywele zangu zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango, nikaona kijana mrefu, shati safi, nikaona haya. Hilo ninalikumbuka vizuri. Ninakumbuka pia kwamba mikono yangu ilikuwa baridi. Haya inatia mtu baridi mikononi? Na siku hizi Neema hukimbilia mlango na kupaza "karibu!" kabla hodi haijaisha, nami ninamvuta kwa gauni bila kufikiri, kisha ninasimama pale nikijishangaa. Basi ilikuwa woga. Ama vyote viwili. Ama woga uliniingia baadaye, niliposikia ukiusoma, ukakaa ndani yangu kama ulikuwapo tangu mwanzo.

Sefu haoni shida. "Tuandike tu: mwanamke amethibitisha, ilikuwa woga. Neno moja, na makala inatoka. Neema akikua atasoma jina la baba yake."

Hapo nilikaribia kukubali. Makala ile uliisahihisha hata ukiwa mgonjwa, karatasi zimelala kifuani kwako. Hukuandika nyingine.

Lakini nilimwambia aandike hivi: mwanamke ameulizwa. Anasema alisikia hodi. Aliogopa, aliona haya, na hajui ni kipi kilichomfunga mdomo.

"Watakataa," Sefu akasema.

"Wakatae."

"Mama Neema, hiyo si jibu ya kisayansi."

"Njo jibu yenye niko nayo."

Ametuma. Ameondoka amenuna, hata chai hakumaliza.

Sasa sijui kama nimekutetea ama nimekuangusha. Ulikuwa na uhakika juu yangu kuliko miye mwenyewe, na nilipenda hivyo, ilikuwa inanipumzisha. Lakini masikio yaliyosikia hodi ile yalikuwa yangu. Makala ikitoka, itatoka na kutojua kwangu ndani yake. Isipotoka, mwanao nitamweleza kwa mdomo wangu kwamba baba yake alitaka kufahamu kwa nini watu wananyamaza, na kwamba mama yake alishindwa kumwambia.

Usinikasirikie. Pumzika huko uliko, miye niko na binti yako.

Mke wako,
Mama Neema