Kipande cha Kandambili Kwenye Injini

Jumamosi, Mambrui. Upepo umekufa tangu asubuhi, nguo zinanata mwilini, na mimi nimefura. Nimekunywa maji ya mtungi, nimeswali laasiri, hasira iko pale pale.

Mashua ni yangu, niliachiwa na marehemu mume wangu. Nahodha wake ni Mjomba Athmani, ndugu yake mama. Kesho inatakiwa iwatembeze wageni wa harusi ya mdogo wangu hadi nje ya miamba, mama mwenyewe akiwemo.

Sasa, geji ya joto la injini mshale wake ulikuwa umelala kwenye baridi, haunyanyuki. Nikadhani imekufa, nikanunua mpya. Nayo ikalala. Leo nikasema wacha nifuate waya mwenyewe. Nikauchomoa kwenye senda, kile kidude kilichokazwa kwenye injini kupima joto, nikaugusisha kwenye chuma. Mshale ukaruka hadi kwenye nyekundu. Kumbe geji ni nzima, na waya ni mzima.

Ndipo nikatazama pale waya ulipokuwa umefungwa. Palikuwa na kipande cha mpira, kimekatwa kwa kisu, kimetiwa chini ya waya usigusane na senda. Mpira wa buluu. Mjomba anavaa kandambili za buluu, na moja ina pengo kisiginoni.

Nikakitoa, nikafunga waya sawasawa, nikawasha injini. Mshale ukapanda, ukapanda, nikazima. Maji ya kupoza injini yanatoka nyuma kwa kudondoka tu. Injini inachemka kweli, na yeye anajua.

Nilimwuliza. Wala hakukana.

"Wageni wakiona mshale uko juu wanaingiwa na hofu, mwanangu. Mimi injini naisikia kwa sikio."

Kwa sikio.

Ulimi uliniwasha. Lakini huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, na mjomba hatukanwi. Nikayameza maneno. Mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, yeye na aumbuke. Mama yangu ana kosa gani?

Nitamtafuta fundi afungue pampu ya maji. Mpaka hapo wageni watatembea ufukweni kwa miguu, na atakayenuna na anune.

Ufunguo wa mashua nimeufunga kwenye pindo la leso yangu. Mjomba akija asubuhi nitampa shikamoo yake, nitampa chai na mahamri.

Ufunguo simpi.