Kisanduku cha Tarehe

Jumatatu, 3 Machi

Leo wameniletea tableti stoo. Kampuni sita za ujenzi zimekubaliana kutumia fomu moja — jina moja, kipimo kimoja, kila saiti. Mimi sipingi! Mwaka jana niliagiza kokoto ndogo, nikaletewa mawe ya ukubwa wa ngumi, eti kwao hizo ndizo ndogo. Hata karai tumelipima, letu na la saiti ya jirani. Yamepishana lita nne. Lita nne! Zege la namna hiyo linachanganywaje?

Anayechora fomu ni mhandisi kijana, mafundi wanamwita Bwana Jedwali. Mpole, shati limenyooka hata kwenye vumbi. Nikamuuliza, tarehe ya saruji kuingia stoo naandika wapi? Akasema kisanduku chake kilikuwepo, kamati ya hizo kampuni sita imekitoa, ukurasa ulijaa. Ulijaa! Na kisanduku cha rangi ya lori kipo.

Jumatano, 5 Machi

Msimamizi kataka mifuko themanini iende saiti ya jirani, wameishiwa. Iliyobaki kwangu ni ile ya nyuma, iliyoingia tarehe 9 Oktoba. Miezi mitano! Nimeibonyeza kwa ngumi. Ya chini imeshaanza kushika. Hiyo ni ya kupigia plasta tu, si ya kubeba watu.

Nimehangaika na tableti. Haikubali neno nje ya visanduku. Nikaweka tarehe kwenye kisanduku cha idadi — ikawa nyekundu, ikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Msimamizi akachungulia: Mama Stoo, lori linanguruma huku, wewe unacheza na simu?

Basi nikachukua chaki. OKTOBA — PLASTA TU. Mfuko mmoja mmoja, yote themanini. Bega linauma. Na kwenye daftari langu nimeandika vilevile. Darasa la nne langu kwa hilo linatosha.

Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu kaja kula. Kitinda mimba wangu, fundi uashi, mwanamke pekee pale saiti ya jirani. Wamempa jina Timazi, maana ukuta wake haupindi. Kasema jana wamemwaga zege la ngazi ya ghorofa ya pili.

Kijiko kikanisimama mkononi.

Nikamuuliza, kwa saruji gani? — Ile iliyotoka kwenu, mama. — Si iliandikwa chaki? — Chaki gani? Ilifika chini ya turubai, vumbi jeupe kila mahali.

Turubai limesugua, limefuta. Na simu siku ile nilikuwa nayo mfukoni. Sikupiga! Nilijiona nimemaliza kazi.

Nimempigia sasa shoga yangu Mama Pacha, mwenye stoo wa kule. Kasema tableti yake ilisoma saruji, mifuko themanini, kijani tupu. Kijani maana yake sawa. Nimewapigia wasimamizi wote wawili. Wangu kaniambia nisianze mambo yangu. Wa kule kasema zege ni zege, tulingoje likauke.

Nimemkataza mwanangu asiikanyage ile ngazi. Akacheka: nifikeje juu, mama, niruke? Sikucheka. Akaniangalia. Kasema haya, atapandia jukwaa la mafundi huko nje ya ukuta.

Ijumaa, 14 Machi

Leo wametoa mbao zilizoshikilia zege la ngazi. Timazi kakwaruza kipandio cha tatu kwa msumari — kimemeguka kama biskuti. Mbeba tofali mmoja alikuwa keshaweka mguu kwenye cha nne, karai kichwani. Mwanangu kamvuta kwa mkanda wa suruali, wote wawili chali. Wazima. Nimesikia haya nikiwa jikoni, mboga imeungua mpaka sufuria si ya kuoshwa tena. Wazima, Mungu wangu. Wazima.

Jumatatu, 17 Machi

Barua. "Uzembe wa stoo." Alhamisi nifike mbele ya kamati nitie saini kwamba kosa ni langu, si la fomu. Msimamizi kaninong'oneza: tia, Mama Stoo, utahamishiwa stoo ya mabomba, yaishe. Usipotia, huna kazi. Fomu inangojwa na kampuni zote sita.

Yaishe kwa nani? Kila stoo ina mifuko yake ya nyuma! Mabomba hayaozi, ndiyo maana wananipeleka huko.

Jioni Mama Pacha kaja na wenye stoo wengine wawili, kila mmoja na daftari kwapani. Tumeyafungua mezani. Nilidhani ni mimi tu! Wote wanne tumechora mstari pembeni, juu yake tarehe ya kuingia. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Mama Pacha akasema, tazama, sisi kamati yetu haijawahi hata kukaa. Tumecheka mpaka nikalia kidogo.

Wameniachia madaftari yao.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika humu humu chumba cha kamati. Wametoka kunywa chai, mimi nimesema sina kiu. Uongo.

Nimewaambia: simu sikupiga, hilo kosa langu, liandikeni nilitilie saini sasa hivi. Lakini hilo peke yake. Nikaweka madaftari manne mezani, yamefunguliwa. Mwenyekiti hakuyagusa. Mama yangu, kasema, fomu haiwezi kubeba hofu ya kila mtu. Nikamjibu: mbona rangi ya lori imeibeba? Mtu kacheka mwisho wa meza, akajifanya anakohoa. Bwana Jedwali hakuinua uso. Mwenyekiti kasema wakirudi wakute saini yangu, wana kazi nyingi.

Karatasi iko mbele yangu, ile fomu yenyewe ya kampuni sita, imejazwa mifuko themanini, chini yake "uzembe wa stoo" na nafasi ya saini. Pembeni rula ya Bwana Jedwali. Katoka wa mwisho. Sijui kasahau, sijui kaiacha.

Mwanangu kakaa chini kwenye ngazi ya jengo hili, ananisubiri tangu saa mbili. Nimemwambia aende kazini. Kakataa. Kafanana na nani!

Nimechora. Mstari, mstari, mstari, mstari. Kisanduku kimepinda kidogo, Timazi angenicheka. Juu nimeandika TAREHE YA KUINGIA STOO. Ndani yake: 9 Oktoba. Nimeminya kalamu mpaka imetokea upande wa pili. Kalamu ni ya kwao, na wino si chaki.

Kuchora nimemaliza kwa dakika mbili. Kukaa nayo ndiyo kazi.

Nasikia vikombe vinawekwa chini. Viatu vinakuja kwenye korido, vingi. Cha mbele ni cha mwenyekiti, kinalia kwenye vigae. Saini yangu sijaweka, ile sehemu ni nyeupe bado. Karatasi nimeigeuza imwelekee yeye, asome bila kupinda shingo. Mlango —